Poni mwenye Cushing kakataa kula: niache vidonge nimpe vitex?

Swali: Shikamoo daktari. Nipo Uingereza, na tuna poni dume aliyehasiwa, miaka 19, kilo 310 kwa mizani. Mwezi wa Mei manyoya ya baridi yalikuwa bado hayajatoka, mgongo umekonda, na Oktoba iliyopita alichechemea miguu ya mbele kama wiki mbili. Damu ilipimwa Mei, homoni ya ACTH ikaja 88, ikaonekana ni Cushing, ugonjwa wa tezi iliyo chini ya ubongo. Daktari akaandika pergolidi, nusu kidonge kwa siku. Nusu zilikuwa zinavunjikavunjika mkononi nikaamua kumpa kizima. Siku ya nne akaanza kuacha chakula, amezubaa tu. Jirani anasema hizo ni kemikali, nimwachishe, nimpe sharubati ya vitex, mmea wa dawa. Farasi wake kanyonyoka manyoya vizuri ndani ya wiki sita. Chupa ninayo tayari: ina vitex, urukususu, kitunguu saumu na molasi. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Vitex na vidonge nitavifikia, lakini kuna jambo haliwezi kusubiri: poni asiyekula.

Poni si farasi mdogo tu. Mwili wake umezoea kuhifadhi mafuta, na akikosa chakula huyamwaga kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyachakata. Damu ikijaa mafuta, ini na figo huanza kushindwa, hamu ya kula hupotea zaidi, na mzunguko huo huua. Punda wana tabia hiyohiyo. Mwenye Cushing, hasa kama insulini yake nayo imevurugika, yuko hatarini zaidi. Kwa hiyo kama amepitisha saa 24 bila kula chochote cha maana, mpigie daktari leo na umwombe apime mafuta ya damu, yaani traigliseridi. Akiwa bado anadokoadokoa hei (nyasi kavu), una nafasi kidogo ya kupumua, ila usiitumie kujaribu chupa mpya.

Wakati unasubiri, mpime joto. La kawaida ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Tazama kama anatoa kinyesi, kama anajigeukia ubavu au kukwaruza ardhi, kama anadondosha mabunda ya nyasi yaliyotafunwa nusu. Homa, msokoto wa tumbo na jino bovu vyote humfanya farasi akatae chakula, na mzee wa miaka 19 anaweza kuwa na meno mabaya kwa bahati tu katika wiki ileile alipoanza dawa. Mpe chochote salama anachokubali: hei iliyoloweshwa, majani mabichi kidogo ya kushikiwa mkononi.

Sasa kidonge. Hesabu ya kuanzia ya pergolidi ni takriban mikrogramu 2 kwa kila kilo ya mwili, mara moja kwa siku. Kwa kilo 310 hiyo ni mikrogramu 620, na maelekezo ya Prascend, yaani pergolidi ya vidonge vya miligramu 1, yanaweka wanyama wa kilo 200 hadi 400 kwenye nusu kidonge. Kizima kinaanzia kilo 401. Ulichompa ni mikrogramu 3.2 kwa kilo tangu siku ya kwanza, bila kumzoesha. Kukataa chakula ndiyo kero inayoongoza ya dawa hii hata kwa kipimo sahihi: katika jaribio lililotumika kuisajili Marekani, farasi 40 kati ya 122 walipungua hamu ya kula wakati fulani. Wengi hurudi kawaida. Kwa hiyo unachokiona kina maelezo ya karibu zaidi kuliko “kemikali hazimfai”.

Maelekezo ya dawa yenyewe yanasema hivi mnyama akikataa chakula au kuzubaa: simamisha siku 2 hadi 3, kisha rudi na nusu ya kipimo alichokuwa akipata, halafu panda kwa nusu miligramu kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka upate matokeo. Kwako nusu ya kizima ni nusu kidonge, yaani kilekile alichoandika daktari wako. Kwa mnyama aliyekwisha kuonyesha kwamba tumbo lake jepesi, madaktari wengi huanza hata na robo kwa siku kadhaa ndipo waende nusu. Wengine huigawa nusu hiyo asubuhi na jioni. Mwambie daktari ulimpa kizima. Asipojua, ataandika kwenye faili kwamba poni huyu haivumilii pergolidi, na maandishi hayo yatamfuata maisha yake yote.

Kuhusu kuvunjikavunjika. Kidonge kina mkato katikati. Kipasue kwa kifaa cha kukatia vidonge kinachouzwa duka la dawa, usitumie kisu cha jikoni, na nusu iliyobaki irudishe kwenye pakiti yake. Usikisage. Vumbi lake likiingia puani au machoni kwako linawasha na linaweza kukuumiza kichwa, na mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha avae glavu au amwachie mtu mwingine kazi hiyo, maana dawa hii hushusha homoni inayoleta maziwa. Chukua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano, toa kisukumio, tumbukiza nusu kidonge, rudisha kisukumio, vuta mililita 5 hivi za maji, tikisa mpaka kiyeyuke, kisha mpe yote papo hapo kwenye kona ya mdomo. Usiyeyushe leo ukampa kesho. Njia ya pili ni kukificha ndani ya kipande cha karoti na kumlisha kwa mkono. Kukitupa ndani ya ndoo ya chakula ndiyo njia inayoharibu matibabu kimyakimya: poni mjanja huacha mabaki chini, mbwa analamba ndoo, na wewe unabaki unashangaa mbona damu haishuki. Ukisahau siku moja, endelea kesho kama kawaida. Usirundike dozi mbili.

Tukija kwenye hoja ya jirani, inabidi tuelewane kwanza kinachoharibika ndani. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari. Sehemu yake ya katikati kwa kawaida hushikiliwa hatamu na dopamini inayotoka kwenye neva za ubongo. Umri ukienda, neva hizo hufa kidogokidogo, hatamu inalegea, na sehemu ile ya katikati inakua na kumwaga homoni ovyo, ACTH ikiwa mojawapo. Ndiyo maana madaktari huuita ugonjwa huu PPID, kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya hitilafu ya sehemu ya katikati ya pituitari. Si sawa na Cushing ya binadamu au ya mbwa, ambako kwa kawaida kasoro iko sehemu nyingine ya tezi au kwenye tezi za juu ya figo. Dawa za mbwa na ushauri wa binadamu uliosambaa mitandaoni haumhusu poni wako. Neva zilizokufa hazirudi. Kinachowezekana ni kuleta kitu kitakachofanya kazi ya dopamini iliyokosekana, kila siku, kwa maisha yote.

Pergolidi hufanya kazi hiyo: hushika mahali dopamini inaposhika. Na ikiwa mjadala wenu ni wa asili dhidi ya kiwandani, mwambie jirani kwamba molekuli hii ni ya ukoo wa kemikali zinazotengenezwa na kuvu linaloota kwenye masuke ya nafaka ya rai. Ilianza kama dawa ya binadamu wenye Parkinson, na mwaka 2007 ikaondolewa sokoni kwa binadamu Marekani kwa sababu ilihusishwa na kuharibika kwa vali za moyo. Habari hiyo ni ya kweli, na wauza mitishamba huitaja sana. Wanachoacha kutaja ni kipimo: mgonjwa wa Parkinson alikuwa akifikishwa miligramu 3 hivi kwa siku, mwili wa kilo 70. Fanya hesabu kwa kilo, utaona poni wako anaanzia chini ya sehemu moja ya ishirini ya kiasi hicho.

Vitex nayo, nisiionee, haikuokotwa hewani. Ni tunda la Vitex agnus-castus, kichaka cha pwani za Mediterania. Ndani yake kuna viambato ambavyo maabara vimeonyesha kushika vipokezi vya dopamini, na wanawake huitumia kwa matatizo ya hedhi kwa sababu hiyohiyo. Wazo lina mantiki. Tatizo ni kwamba mantiki ya kwenye kisahani cha maabara inapaswa kuvuka tumbo la farasi, ini lake na damu yake, ifike kwenye tezi kwa wingi unaotosha. Ilipolinganishwa na pergolidi katika kundi dogo la farasi wagonjwa huko Pennsylvania, matokeo yaliyotolewa na Jill Beech na wenzake mwaka 2002, vitex haikushusha ACTH wala kuboresha hali kwa namna ya kuridhisha. Kwa upande wa pergolidi, katika lile jaribio la usajili, farasi 86 kati ya 113 waliotathminiwa, yaani asilimia 76, walihesabiwa kufanikiwa. Hiyo nayo si mia kwa mia, na muuzaji yeyote wa dawa anayekuahidi mia anakudanganya kama yule wa sharubati.

(Kwa waliokulia pwani: mfudu wetu, ule wa matunda meusi matamu, ni wa jenasi hiyohiyo ya Vitex. Ni ndugu tu. Usimchumie farasi mafudu ukadhani umepata dawa bure.)

Lakini farasi wa jirani alinyonyoka manyoya! Naamini kabisa. Kama alianza kumpa Mei, wiki sita ni kusema hadi katikati ya Juni, na kufikia Juni karibu kila farasi wa Uingereza anayechelewa atakuwa amenyonyoka, mwenye PPID ya mwanzoni pia. Huchelewa, hanyonyoki vizuri, anabaki na vishungi chini ya taya na nyuma ya miguu, lakini mengi hutoka. Ukimpa vitex, asali au maji ya bomba mwezi wa Mei, utaona matokeo mwezi wa Juni. Zipo taarifa nyingi za wenye farasi waliofurahia vitex, ila karibu zote hazina kundi la kulinganisha ambalo halikupewa kitu. Muulize pia swali moja: farasi wake alipimwa damu, kabla na baada?

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Manyoya ndiyo dalili inayoonekana zaidi na yenye madhara madogo zaidi. Mashine ya kunyolea inayamaliza kwa saa moja. Kinachomuua poni wa Cushing, au kumfanya achomwe sindano ya mwisho, mara nyingi ni kwato. Kwato haziji na picha nzuri ya kabla na baada. Poni anaweza kung'aa mwili mzima huku tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato zikiachia taratibu.

Na wewe umeniambia jambo ukalipita haraka: Oktoba alichechemea miguu yote ya mbele wiki mbili. Mpaka ithibitishwe vinginevyo, ile ilikuwa laminaitisi, yaani ugonjwa wa tishu hizo za ndani ya kwato. Wala tusidanganyane kwamba pergolidi pekee itaizuia, kwa sababu laminaitisi ya farasi hawa inaendeshwa zaidi na insulini iliyopanda kuliko ACTH yenyewe. Wapo wenye PPID ambao insulini yao ni shwari, na wapo ambao imevurugika. Hujaandika popote kwamba ilipimwa. Akisharudi kula, omba kipimo hicho. Njia nyepesi ni damu moja baada ya kula hei pekee, bila nafaka. Njia inayofichua zaidi ni kipimo cha sukari cha mdomoni: mnyama hufunga saa chache, hupewa sharubati ya mahindi ya kipimo maalumu (kwa dozi ya mililita 0.45 kwa kilo, wako angepewa karibu mililita 140), kisha damu huchukuliwa baada ya dakika 60 na 90. Kwa aliyewahi kuumwa kwato, mwachie daktari aamue ni kipi salama. Na kisifanywe wiki hii ambayo hali.

Sasa itazame chupa yako kwa jicho hilo. Molasi ni sukari: unampa kila siku mnyama ambaye huenda insulini yake imevurugika, kwa jina la kumtibu. Urukususu ni mbaya zaidi. Kiambato chake kikuu huzuia kimeng'enya kinachozima kotisoli mwilini, kwa hiyo homoni ya msongo hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi, na madini ya potasiamu hushuka. Kumpa mgonjwa wa Cushing urukususu ni kumwongezea alichonacho tayari. Kitunguu saumu kwa kiasi kidogo hakina neno, ila kikizidi huharibu chembe nyekundu. Farasi waliolishwa kitunguu saumu kikavu zaidi ya gramu 0.2 kwa kilo walipungukiwa damu. Kwa wako ni kama gramu 60 kwa mlo, ambazo sharubati haitafika, lakini watu huchanganya chupa hii na unga wa kitunguu wa kufukuzia nzi bila kujumlisha. Kwa ujumla, chupa hiyo nisingemfungulia hata kama vitex yenyewe ingekuwa na nguvu.

Uwatu, mdalasini na habasoda nazo huulizwa sana, hasa na ndugu zetu wa Muscat na Dubai. Kama kiungo cha kumvutia mlaji mgumu, kijiko cha uwatu hakidhuru. Kama tiba ya PPID au ya insulini ya farasi, hazina ushahidi wa kuzitegemea. Vivyo hivyo kwa magnesiamu na kromiamu. Zilipojaribiwa kwa farasi wanene waliowahi kuugua laminaitisi hazikubadilisha insulini.

Je, vitex haina nafasi kabisa? Ninaiona sehemu mbili. Ya kwanza ni mnyama ambaye damu yake iko katikati: nje ya msimu wa vuli ya kaskazini, kwa miaka kadhaa maabara nyingi zilikuwa zikihesabu ACTH chini ya 30 kuwa si PPID, juu ya 50 kuwa ndiyo, na katikati kuwa ya kurudiwa au kufanyiwa kipimo cha TRH, homoni inayoichochea pituitari, ambapo TRH huchomwa kwenye mshipa na damu kuchukuliwa dakika 10 kamili baadaye. Kama daktari mwenyewe amesema tusubiri, tupime tena, mwenye farasi akimpa vitex kavu isiyo na sukari wakati wa kusubiri haharibu kitu, mradi tarehe ya kupima haisogezwi kwa sababu manyoya yameng'aa. Ya pili ni yule aliyeshindwa pergolidi hata kwa robo, kwa wiki, kwa mgawanyo wa asubuhi na jioni, na ambaye dawa mbadala anazoweza kupewa na daktari, siproheptadini au kabagolini, hazikumfaa au hazipatikani. Wako hayuko popote kati ya hizo mbili. Ana 88 mwezi wa Mei, nje kabisa ya msimu ambao ACTH hupanda yenyewe, ana dalili mwilini, na hajawahi kupewa kipimo sahihi cha dawa hata siku moja.

Ukitaka kumpa vitex juu ya pergolidi baadaye, subiri mpaka kipimo cha dawa kitulie na damu irudiwe. Ukianza vyote wiki moja, akikataa chakula hutajua cha kulaumu, na akipona hutajua cha kushukuru. Mwambie daktari, kwa sababu zote mbili zinalenga vipokezi vilevile. Na mkumbushe jambo jingine linalosahaulika: acepromazini, dawa ya kumtuliza farasi kabla ya kazi ya kwato, huzuia dopamini, yaani inavuta kamba upande wa pili wa pergolidi. Fundi wa kwato na daktari wote wajue poni anatumia nini.

Kufuatilia. Hamu ya kazi na uchangamfu hubadilika ndani ya wiki chache. Manyoya husubiri msimu wake, mara nyingi miezi kadhaa. Damu irudiwe baada ya wiki 4 hadi 6 za kipimo kilichotulia, ikachukuliwe kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, iwekwe kwenye baridi mara moja na kutenganishwa siku hiyohiyo. Damu iliyoshinda kwenye kiti cha gari huja na namba isiyo na maana. Angalia kalenda pia. Kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Novemba, huko kaskazini, ACTH hupanda kwa farasi wote, wazima kwa wagonjwa, na wagonjwa hupanda zaidi. Ukipima Mei ukapata 88 na Septemba ukapata 95, usikimbilie kusema dawa imeshindwa. Linganisha na vipimo vya mwezi husika. Madaktari wengine huongeza dozi kabla ya msimu huo kwa mnyama mwenye historia ya kwato kama wako. Lizungumzeni mapema, mwanzoni mwa Julai, msingoje Oktoba nyingine.

Pima pia maji anayokunywa. Funga birika la kujijaza lenyewe kwa saa 24, mpe ndoo zenye alama. Wa kilo 310 hunywa kama lita 15 kwa siku ya kawaida. Akipita 30 bila joto wala kazi, kuna kitu. Kipimo hiki hakina gharama na huonyesha mabadiliko kabla jicho halijayaona.

Chakula chake mpaka insulini ijulikane kiwe cha mwenye laminaitisi: hei ndiyo msingi, nafaka hapana, malisho mabichi ya masika hapana. Kiasi ni asilimia 1.5 ya uzito, kikihesabiwa kikavu, yaani kilo 4.6 hivi, ambazo kwa hei ya kawaida ni kama kilo 5.3 kabla ya kulowesha. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, mabunda hudanganya. Loweka kwenye maji baridi saa moja, chuja, maji yamwagwe mbali maana yana sukari iliyotoka. Hei iliyoloweshwa haina madini ya kutosha, mpe kirutubisho cha madini na protini kisicho na molasi. Ila angalia mgongo uliokonda. Ikiwa insulini itakuja shwari, hapo ndipo unaweza kumnenepesha kwa makapi ya kiazisukari yasiyo na molasi na mafuta ya mimea. Ikiwa imevurugika na bado amekonda, nenda taratibu na daktari akiwa karibu. Wengi humnyima chakula mzee aliyekonda kwa hofu ya laminaitisi, na misuli inazidi kuyeyuka.

Mengine ni ya kila siku: kwato kila wiki 6, meno mara mbili kwa mwaka kwa umri huu, mayai ya minyoo yahesabiwe kwenye kinyesi kwa sababu kinga yake imeshuka na hubeba minyoo zaidi, chanjo zisiruke. Pasi yake ioneshe hataingia kwenye chakula cha binadamu. Pergolidi hairuhusiwi kwa wanaochinjwa.

Kwa wasomaji wa Nairobi na Arusha wenye farasi wazee wa shule za kupanda au wa polo, mambo mawili. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo majedwali ya ACTH ya msimu yaliyotengenezwa Ulaya msiyabandike kwenye damu ya kwenu kama yalivyo. Kipimo cha TRH na dalili za mwili vipewe uzito. Na farasi aliyekonda kwetu aanze kuangaliwa meno, minyoo na vimelea vya damu vinavyoletwa na ndorobo na kupe, ndipo Cushing ifikiriwe. Pwani na Ghuba ongezeni moja: mnyama mwenye manyoya marefu kwenye joto la nyuzi 35 anyolewe leo, kabla hata majibu ya damu hayajarudi. Mkiandaliwa pergolidi ya maji badala ya vidonge, jueni huharibika upesi kwa mwanga na joto; iwekwe kwenye friji, chupa nyeusi, na itupwe baada ya siku 30 hata kama imebaki. Ikibadilika rangi, itupwe siku hiyo.

Kwako wewe, mpangilio wa wiki hii: leo simu kwa daktari na kipimo cha mafuta ya damu kama hajala. Pergolidi isimame siku mbili au tatu. Akila vizuri siku nzima, rudi na robo au nusu kama daktari atakavyochagua. Akikataa tena hata kwa robo, usiendelee wala usiache kimyakimya. Piga simu, maana bado kuna kugawa dozi na kuna dawa nyingine. Na ukimkuta usiku ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza na hataki kugeuka, mguse kwato uone kama ni za moto, tandika matandiko mazito chini, usimtembeze, na umwamshe daktari saa hiyohiyo.